Na kama Mungu asingeniona?

Gari lilikuwa chini ya godoro.

Nilikuwa natandika kitanda cha binti yangu mkono wangu ulipoligusa: gari dogo la plastiki, jekundu, gurudumu moja limeng'oka. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka mitatu, alikuwa amelisaka tangu asubuhi. Alikuwa ameshachungulia chini ya kila kiti na kufungua kila kabati aliloweza kulifikia, na sasa alikuwa chumba cha pili, analiita. Analiita kweli, kama unavyomwita paka.

"Gari! Gari yangu! Njoo!"

Nikamwita dada mtu. Ana miaka sita. Akaja, akaona nilichoshika, akasimama mlangoni.

"Ni wewe uliyelificha?"

Kimya.

"Mwanangu, mimi sikukuona. Lakini Mungu amekuona. Hiyo ni dhambi."

Maneno hayo nimeyarithi. Baba aliniambia mimi, na babu alimwambia yeye. Yalinitoka yenyewe, kama "pole" inavyomtoka mtu akimwona mwenzake amejikwaa. Binti yangu akaniangalia. Hakuwa na ujeuri hata kidogo. Alikuwa anataka kujua.

"Na kama Mungu asingeniona, Baba?"

Nikamwambia Mungu anaona kila kitu. Nikamwambia akalirudishe, basi.

Alichokifanya huko nilikiona kwa mlango uliokuwa wazi. Hakumkabidhi mdogo wake gari. Alilala kifudifudi sakafuni, gari amelibana kiganjani, akaingiza mkono chini ya kabati, akautoa. "Ona! Kumbe lilikuwa huku!" Mdogo wake akaruka kwa furaha na kulibusu lile gari.

Kwa hiyo kosa lilirekebishwa kwa uongo, na mimi nilikuwa nimetoa jibu lisilokuwa jibu. Nilibaki nimesimama na shuka mkononi.

Wiki saba zimepita. Swali halijaondoka.

Nilichokikwepa

Nilipolikalia vizuri niliona kwamba ndani yake mna maswali matatu yaliyoshikana. Tunajuaje kwamba jambo ni baya? Ni kitu gani kinalifanya liwe baya? Na nini kinatuzuia tusilitende?

"Mungu anakuona" inagusa hilo la tatu peke yake, tena kwa njia ya ulinzi: kuna jicho, jihadhari. Haisemi neno lolote juu ya gari. Haisemi neno lolote juu ya mwenye gari.

Hapo ndipo pameniuma. Mwizi naye humwogopa mlinzi, na hakuna anayemsifu kwa hofu hiyo. Kama nimemfundisha mwanangu kwamba ubaya wa kumliza mdogo wake uko kwenye kuonekana, basi siku atakapoacha kuamini kwamba anaonekana, sijui nitakuwa nimembakizia nini.

Niseme mapema, kwa kuwa najua baadhi yenu mtaanza kunihofia: mimi ni mtu wa dini. Nimelelewa katika Uislamu, naswali, nafunga, na sikuianza safari hii nikitafuta mlango wa kutokea. Nilitaka kujua kama wema wetu unatoka kwenye dini au kwenye hulka tunayozaliwa nayo, na kama nilichompa mtoto ni msingi wa nyumba au ni uzio tu.

Mtu aliyekuwa mtaroni

Anayelifuata swali hili nyuma hufika Athens, mwaka 399 kabla ya Kristo, kwenye baraza la mahakama. Mwanafalsafa Plato anatusimulia kwamba mwalimu wake, Socrates, yuko pale kwa sababu ameshitakiwa kuwa haheshimu miungu. Anakutana na Euthyphro, aliyekuja kumshitaki baba yake mzazi kwa mauaji. Socrates anashangaa. Mtu anayethubutu jambo zito kiasi hicho lazima awe anajua kwa hakika wema ni nini. Anamuuliza: jambo jema linapendwa na miungu kwa kuwa ni jema, au ni jema kwa kuwa linapendwa na miungu?

Swali hilo limeumiza vichwa vya watu kwa zaidi ya miaka 2,400. Ukisema ni jema kwa sababu limependwa, basi lingeamriwa kinyume chake, kinyume kingekuwa chema, na kumfichia mtoto gari lake kungekuwa ibada. Ukisema limependwa kwa kuwa ni jema, basi wema ulikuwapo kabla ya amri. Euthyphro anazunguka, anazunguka tena, halafu anasema ana haraka na kuondoka.

Lakini mimi nilinasa mahali pengine, kwenye kisa chenyewe cha mauaji. Kibarua wao alilewa akamuua mtumwa wa nyumba. Baba yake Euthyphro akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, kisha akatuma mtu mjini kwa wajuzi wa dini kuuliza afanywe nini. Mjumbe alipokuwa bado njiani, yule mtu akafa kwa baridi, njaa na kamba.

Hebu liangalie jambo hilo taratibu. Swali la kidini liliulizwa, tena kwa utaratibu wake. Na wakati jibu linasubiriwa, hakuna aliyetazama mtaroni.

Sisi Waislamu tuna Basra yetu, mji wa Iraq ambako swali hilo hilo lilibishaniwa. Mu'tazila, kundi la wanazuoni, walishikilia kwamba akili ya mtu inaweza kuujua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya kufikiwa na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekulia mikononi mwa mwalimu wao al-Jubba'i, aliachana nao akasema kizuri ni kile Mungu alichokiamrisha na kibaya ni kile alichokikataza. Samarkand, zama hizo hizo za karne ya 10, mwanazuoni al-Maturidi alikuwa akifundisha kwamba akili inayajua baadhi ya mema na mabaya.

Ujana wangu ningemwona al-Ash'ari mgumu. Siku hizi namwelewa. Alichelea kumfanya mwanadamu kuwa hakimu juu ya Muumba wake, na mwanadamu ana tabia ya kuita chema kile kinachomfaa yeye. Hofu hiyo niiweke kando kwanza, kwa sababu itarudi.

Watoto walioulizwa

Kumbe swali la binti yangu limewahi kuulizwa kwa mpango. Elliot Turiel, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba watoto wadogo kabisa hutenganisha kanuni za utaratibu na makosa yanayomuumiza mtu. Waulize kama ni sawa kwenda bila sare ikiwa mwalimu ameruhusu, watakwambia sawa. Waulize kama ni sawa kumpiga mwenzao ikiwa mwalimu ameruhusu, watakataa.

Yeye na mwenzake Larry Nucci wakalipeleka jambo hilo mahali penye moto, kwa watoto wa familia zilizoshika dini hasa, zikiwamo za Wakristo wa Amish-Mennonite na za Wayahudi wa Orthodox. Matokeo waliyachapisha mwaka 1993. Kuhusu siku ya ibada, watoto walio wengi walisema kwamba kama Mungu asingeamuru, hapangekuwa na ubaya wa kuacha. Kuhusu wizi na kupiga, walisema ni vibaya hata kama amri isingekuwapo.

Hawa ni watoto waliolelewa kwa maandiko asubuhi na jioni. Na bado walijua.

Nikaendelea kusoma kwa pupa. Felix Warneken na Michael Tomasello, mwaka 2006, waliwaonyesha watoto wa miezi 18 mtu mzima aliyedondosha kitu asikifikie, au mwenye mikono iliyojaa anayejigonga kwenye mlango wa kabati uliofungwa. Wengi wa watoto walimsaidia, bila kuombwa na bila kupewa zawadi. Na sokwe wachanga nao walisaidia kwa kiasi, hasa pale ilipokuwa ni kuokota kitu kisichofikika.

Kisha kuna utafiti wa Kiley Hamlin na wenzake wa mwaka 2007, ule unaopendwa na kila mtu. Watoto wachanga wa miezi sita na miezi kumi walionyeshwa kidubwana cha mbao kinachojitahidi kupanda kilima. Kimoja kikakisukuma kupanda, kingine kikakirudisha chini. Walipoletewa wachague, karibu wote walimshika yule msaidizi.

Nilifurahi mno. Nilimwambia mke wangu usiku ule ule: wema tunazaliwa nao, umethibitishwa!

Mke wangu akasema, "Umethibitishwa au umependa?"

Alikuwa na haki. Miaka ya karibuni maabara 37 ziliungana kuurudia utafiti huo kwa watoto zaidi ya 1,000. Waliomchagua msaidizi walikuwa kama nusu tu. Ni sawa na kurusha sarafu.

Hilo lilinitia adabu. Halikubomoa yote, maana watoto wa miezi 18 bado wanafungua kabati na watoto wa dini bado wanasema kupiga ni vibaya. Lakini niliona jinsi nilivyokuwa na njaa ya jibu, na kwamba upande wa "hulka" nao una waumini wake wanaokimbilia kuamini. Nilikuwa mmoja wao kwa takriban siku nne.

Ng'ombe na kondoo

Mtu aliyenisaidia zaidi hakuwa na maabara. Ni Mencius, mwanafalsafa wa China wa karne ya 4 kabla ya Kristo.

Wanaomnukuu hutaja mtoto na kisima: mtu yeyote akimwona ghafla mtoto anataka kutumbukia kisimani, moyo wake hushtuka, na hashtuki ili asifiwe wala ili apate urafiki wa wazazi. Ni mfano mzuri. Lakini kuna kisa chake kingine kilichonikosesha usingizi.

Mfalme Xuan wa Qi alikuwa amekaa barazani akamwona ng'ombe akipitishwa kwenda kuchinjwa, damu yake itumike kuweka wakfu kengele. Ng'ombe alikuwa anatetemeka. Mfalme akasema: mwacheni, siwezi kuvumilia kumwona anavyoogopa kama mtu asiye na hatia anayepelekwa kuuawa. Wakamuuliza, basi tuache kuiweka wakfu kengele? Akajibu: hapana, mbadilisheni kwa kondoo.

Watu wakamcheka, wakasema ni ubahili, kabadilisha kikubwa kwa kidogo. Mencius akamtetea. Haukuwa ubahili, alisema. Ng'ombe ulimwona, kondoo hukumwona.

Ndiyo hulka yetu hiyo, na sijaona aliyeieleza vizuri kuliko hapo. Huruma ni ya kweli, ipo, haikuletwa na amri yoyote. Na inaishia pale macho yanapoishia. Aliye mbele yetu anapona, kondoo analipa. Mencius hakumwacha mfalme atambe. Alimuuliza: ikiwa wema wako unaweza kumfikia mnyama, mbona hauwafikii watu wako?

Baadaye Xunzi alikuja kumpinga, akasema hulka ya mtu ni mbaya na wema ni kazi ya mafunzo. Nimewasoma wote wawili na nadhani walikuwa wanamtazama mfalme yule yule, mmoja akiangalia alipomponya ng'ombe, mwingine akiangalia alipomtuma kondoo.

Babu hakukosea yote

Kwa muda nilikuwa nimewakasirikia wazee wangu kwa lile jicho lao. Halafu nikakutana na kitu kilichonirudisha nyuma.

Mwaka 2016 Benjamin Purzycki na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika jamii 8, watu 591, wakiwamo Wahadza wa Tanzania na watu wa visiwa vya Fiji na Vanuatu. Kila mtu alipewa sarafu na dadu, peke yake, hakuna anayemchungulia, agawe sarafu kwenye vikombe viwili. Kimoja kilikuwa cha mtu wa dini yake aliye mbali, asiyemjua na hatamjua. Kingine kilikuwa chake mwenyewe au cha watu wa kwao. Kudanganya kulikuwa rahisi. Waliosadiki kwamba mungu wao anajua matendo ya watu na huyaadhibu walimpa zaidi yule wa mbali.

Kwa maneno mengine, lile jicho linafanya kazi. Na linafanya kazi pale pale huruma ya mfalme ilipokomea, kwa kondoo asiyeonekana. "Mungu anakuona" ilimsaidia mtu kumtendea haki mgeni, na huenda bila maneno kama hayo mimi na wewe tusingeaminiana kiasi cha kuishi mji mmoja.

Lakini ona pia kilichoandikwa kwenye kikombe: mtu wa dini yake. Utafiti haukuuliza habari za wa dini nyingine, na mimi siwezi kuacha kujiuliza.

Na jicho lenyewe hufumbwa na haraka zetu. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio lao na wanafunzi 40 wa seminari ya Princeton. Walitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba, baadhi yao wakitakiwa kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema. Njiani kulikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti iliyoonekana.

Nilikuwa nasoma hayo kwenye simu, usiku, mwanangu wa kiume akanivuta mkono wa shati. Akavuta tena. Nikamwambia subiri. Alipovuta mara ya tatu nikaona alikuwa ameshika lile gurudumu lililong'oka, anataka nilirudishie.

Saa tamu

Nakuja kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote.

Dini yangu ina jibu zuri kwa swali la binti yangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi aliyoumbiwa na Mungu. Na sahaba wake Wabisa alipomjia kuuliza juu ya wema, aliambiwa auulize moyo wake: wema ni kile nafsi inachotulia nacho, na dhambi ni kile kinachokereketa nafsini na kusitasita kifuani, hata kama watu wamekupa fatwa. Rafiki yangu Mkristo aliponisikia nikilisimulia hilo akafungua Waraka kwa Warumi, sura ya 2, Paulo anaposema kwamba mataifa wasio na sheria hutenda kwa tabia yao yaliyomo katika sheria, na huonyesha kwamba imeandikwa mioyoni mwao.

Tulikaa tukifurahia. Vitabu viwili, na vyote vinaurudisha ushahidi kifuani kwa mtu. Kwa hiyo ugomvi wa "dini au hulka" umekwisha, si ndiyo? Aliyeumba ndiye aliyeandika.

Nami ningeishia hapo kama nisingemkumbuka John Newton.

Newton alikuwa baharia Mwingereza. Mwaka 1748, katikati ya dhoruba, alimlilia Mungu, na tangu hapo akajihesabu mtu aliyeokoka. Kisha, baada ya kuokoka, akawa nahodha wa meli za watumwa. Alifanya safari tatu. Alisoma maandiko, aliwaongoza mabaharia katika ibada siku ya Jumapili, na chini ya mbao walizosimama juu yake walilala watu kwenye minyororo. Mwaka 1754 aliacha bahari kwa sababu ya ugonjwa. Dhamiri haikuwa imemgusa. Miaka kadhaa baadaye, akisimulia maisha yake, aliandika kwamba hakuwahi kupata saa tamu zaidi za kuwa karibu na Mungu kuliko katika safari zake mbili za mwisho za Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi.

Saa tamu.

Nafsi ilikuwa imetulia. Aliuuliza moyo wake, na moyo ukajibu kwamba mambo ni shwari.

Sasa hofu ya al-Ash'ari imerudi, tena imerudi kwa pande zote mbili. Mwenye kutegemea hulka aniambie: huruma ya Newton ilikuwa wapi? Mfalme Xuan angalau hakumwona kondoo. Newton aliwaona. Aliwaona kila siku, aliwahesabu, aliandika kwenye daftari nani amekufa. Na mwenye kutegemea dini aniambie: zile sala zilikuwa zinakwenda wapi?

Sina jibu linalonitosha. Nina ninachokiona tu. Fitra inaweza kufunikwa, na kinachoifunika mara nyingi si ukatili wa wazi bali ni mazoea, kazi, mshahara, watu wote wa heshima unaowafahamu kulifanya jambo lile lile. Na dini inaweza kuwa sehemu ya kile kifuniko. Inaweza pia kuwa mkono unaokifunua: mwaka 1787 ilipoundwa kamati ya London ya kupinga biashara hiyo, 9 kati ya waanzilishi wake 12 walikuwa Waquaker, Wakristo wa dhehebu dogo, watu walioingia humo kwa sababu ya imani yao. Mwaka uliofuata mchoro wa meli Brookes ulianza kusambazwa, miili imepangwa ubavu kwa ubavu kama mbao, na watu ambao hawajawahi kukanyaga meli walilazimika kutazama. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alitoa simulizi ya maisha yake mwenyewe.

Newton aliandika kukiri kwake mwaka 1788. Miaka 34 tangu ashuke melini. Alisema moyo wake sasa unatetemeka kwa biashara aliyokuwa mtumishi wake.

Kwa hiyo moyo ule ule uliokuwa umetulia ulikuja kutetemeka. Hilo ndilo nililolishika. Moyo haukumwonya peke yake chumbani, na andiko alilokuwa nalo siku zote halikumwonya. Ilibidi wengine wapaze sauti, kwa miaka mingi.

Kosa na dhambi

Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo nimekuwa nikiyachanganya maisha yangu yote. Dhambi unamfanyia Mungu. Kosa unamkosea mtu. Ndiyo maana twasema "nimekukosea" na hakuna anayesema "nimekudhambi".

Tena mtu akimtesa mwenzake hatusemi hana dini, hata kama tunajua haendi popote kusali. Tunasema hana utu. Na tunalisema hilo hilo, kwa uchungu zaidi, kwa mtu ambaye paji lake lina sugu ya kusujudu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi, dini iko katika kila kona ya maisha yao. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, hakukubali kwamba maadili nayo yamesimama juu ya dini. Kwa fikra za Waakan, alisema, kipimo cha jema ni maslahi ya binadamu. Sitaki kuwaamua wakubwa hao. Nasema tu kwamba lugha ninayoiota usiku imeweka utu na dini katika nyumba mbili zenye uwanja mmoja.

Siku ile binti yangu alikuwa amefanya kosa, nami nikaruka moja kwa moja hadi dhambini. Nilimwonyesha juu, na mwenye haki alikuwa chumba cha pili.

Nilipokuwa nayaandika haya nilikumbuka jambo ambalo nililiona siku hiyo nisilitilie maanani. Aliposimama mlangoni na mimi nikimhubiria, hakuwa ananiangalia. Shingo alikuwa ameigeuza kidogo, sikio upande wa korido. Aliniangalia mara moja tu, alipouliza swali lake.

Jana usiku nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia kwamba hata kama Mungu asingemwona, mdogo wake angeendelea kulia, na kwamba mimi naamini Mungu amemwekea ndani yake kitu cha kusikia kilio hicho. Pia nilitaka tuzungumze ule uongo wa kabati. Nikaanza kwa kumuuliza kama anaikumbuka siku ya gari.

Anaikumbuka. Lakini swali lake alikuwa amelisahau kabisa.

"Basi niambie wewe," nikasema. "Kwa nini ulimrudishia?"

Nilitarajia aseme kwa sababu nilimwamuru. Alifikiri, akivutavuta uzi wa shuka.

"Alikuwa analiita, Baba. Na gari haliwezi kuitika."